Mlango Aliouchukua Denzil Caudill

Kwa miaka ishirini na sita Denzil Caudill alipeleka gesi ya kupashia nyumba joto katika kaunti yote ya Estep, na kwa miaka yote hiyo hakuna mbwa aliyembwekea. Na mbwa wa milima ile ya mashariki mwa Kentucky si wa mchezo. Wapo waliomng'ata mpaka mchungaji. Lakini lori jeupe la Denzil likipanda kilimani, walitoka chini ya baraza, wakajinyoosha, wakamsindikiza hadi kwenye tanki kama wenyeji wanaopokea mgeni. Alikuwa mwanamume mrefu, mwembamba, mwenye masikio makubwa na sauti ya chini, mtu wa kuomba radhi hata akikanyagwa yeye. Ukimuuliza habari za dunia, atakwambia inaonekana itanyesha.

Mkewe, Oleta, alikuwa mpishi katika shule ya msingi ya Tolliver Fork, na huyo ndiye aliyejaliwa sauti. Akiimba kanisani, waliokaa nyuma walishika viti. Alikuwa na gitaa la marehemu baba yake, lenye ufa ubavuni, na daftari tatu zilizojaa nyimbo alizotunga mwenyewe: za treni, za mgodi uliofungwa, za mvua, na moja ndefu ya kuku. Zilikuwa nzuri, na hakuna mtu nje ya jikoni kwake aliyezijali.

Basi siku moja ya Aprili, baada ya mvua za wiki mbili, mlango wa mbele wa nyumba yao ulivimba ukawa haufungi. Denzil akaung'oa, akaulaza juu ya magogo mawili uani, akaupiga randa kingoni mpaka ukanyooka. Alipotaka kuurudisha akakuta bawaba mbili kati ya tatu zimeliwa na kutu. Akaupakia mlango nyuma ya gari lake dogo ili apate kulinganisha matundu ya skrubu, akamwambia mkewe, "Mama, nakwenda kununua bawaba, narudi sasa hivi," akaenda zake.

Duka la Tolliver Fork halikuwa na bawaba za ukubwa ule. Akaenda la mji wa pili. Huko akakutana na mtu waliyesoma naye, ambaye mkewe alikuwa ametolewa kifuko cha nyongo, na habari za nyongo si za kusikiliza umesimama. Kwa jumla alikawia saa nne nzima.

Oleta alikaa sebuleni akitazama lile pengo. Upepo uliingia. Kuku mmoja akaingia, akatazama huku na huku, akatoka. Kwa kukosa la kufanya Oleta akachukua gitaa, na wimbo ukamjia mzima mzima, kama mtu aliyekuwa nje siku zote akingoja tu mlango uondolewe:

*Kaondoka, kaondoka na mlango pia,*
*Hata pa kubisha akirudi hakuniachia.*

Denzil aliporudi alimkuta akilia kwa uzuri wa kazi yake mwenyewe. Akaimbiwa, naye akalia.

"Maskini," alisema, akipangusa pua. "Ni nani huyo mshenzi?"

"Si mtu, Denzil. Ni wimbo tu."

"Hata kama. Angemwachia mlango mwanamke wa watu."

Kisha akachukua bisibisi, akaufunga mlango wao, na kabla maharagwe hayajaiva ulikuwa ukifunguka na kufungwa bila hata kulia.

Mwezi wa Mei Oleta aliuimba wimbo ule kwenye karamu ya kuchangia zimamoto. Mtu akamrekodi kwa simu. Mle ukumbini alikuwemo Rayford Pennix, muuzaji wa zile nyumba za kukokotwa kwa magurudumu, ambaye pia alikuwa na kipindi cha muziki wa kantri katika redio ya kaunti kila Jumamosi. Rayford alikuwa mtu mfupi mwenye kofia pana nyeupe, na alikuwa hajawahi kuona kitu asione jinsi kitakavyouzwa. Kesho yake asubuhi alikuwa kibarazani kwa akina Caudill na mkataba mkononi.

"Dada Oleta," alisema, "wewe una nyota. Umekaa juu yake kama kuku juu ya yai. Inuka!"

Oleta akainuka. Wimbo ukarekodiwa katika karakana ya Rayford, kati ya mashine ya kukata nyasi na jokofu bovu, na kufikia Julai ulikuwa ukipigwa katika majimbo manne. Madereva wa malori walisimama pembeni ya barabara kuu kulia. Mwanamke mmoja wa West Virginia alipiga simu redioni akasema ameung'oa mlango wake mwenyewe kwa kumuunga mkono mwenzake. Oleta aliimba kwenye uzinduzi wa duka la matrekta, akaimba kwenye mazishi mawili na mnada mmoja wa ng'ombe, na mwishowe zikaja habari kubwa: Jumamosi ya kwanza ya Septemba angepanda jukwaa kuu la maonesho ya kaunti, kabla ya mwimbaji mwenye jina ambaye angekuja kwa mabasi mawili, na watu wa kurekodi kutoka Nashville wangekuwepo wakisikiliza.

Shida ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa na masikio makubwa. Wimbo ulimlaani mume, na Oleta alikuwa na mume mmoja tu. Hakuna aliyehitaji kufanya uchunguzi.

Wa kwanza kumkabili Denzil alikuwa Bi Hester Noble, bibi wa miaka themanini na mmoja, mteja wake tangu siku ya kwanza kazini. Alimkuta amesimama mbele ya tanki lake na ufagio.

"Shikamoo, Bi Hester. Nimekuletea gesi."

"Sitaki gesi yako."

"Bibi, tanki lako lina asilimia kumi tu."

"Bora nigande! Bora wanikute nimekauka kama samaki! Umemwacha mtoto wa watu katika nyumba haina mlango, halafu unakuja hapa na shikamoo zako?"

"Bibi, mlango upo. Nilikwenda kununua bawaba."

"Bawaba ndilo jina lake huyo mwanamke?" Bi Hester aliinua ufagio. "Malaya mkubwa!"

Ikawa hivyo kaunti nzima. Kinyozi alimnyoa upande mmoja, habari zikamfikia, akaweka mkasi chini. Mkahawani mhudumu alipita na birika la kahawa mara nne bila kumwona, na alipoomba akaambiwa, "Wewe si hodari wa kuchukua? Jichukulie." Wakati huohuo wanawake wa makanisa matatu walianza kumletea Oleta chakula cha pole. Ndani ya wiki moja yalifika mabakuli kumi na moja ya tambi na kuku yaliyookwa kwa jibini. Denzil aliyala, maana Oleta, aliyezoea kupikia watoto mia tatu, hakutaka kuona tambi. Wageni wakibisha, Denzil alijificha kwenye stoo ya chakula na bakuli lake, akawa anakula gizani msiba wa kuondoka kwake mwenyewe.

Na hakuna aliyeona ajabu kwamba wanabisha mlango. Walibisha, wakafunguliwa, wakaingia, wakampa pole kwa kukosa mlango.

Oleta alijaribu kusema ukweli. Jumapili moja alisimama katikati ya ibada akasema, "Ndugu zangu, Denzil hakuniacha. Alikwenda kununua bawaba, akachelewa." Kanisa zima likaguna kwa huruma. Mama mmoja akapeleka leso machoni: "Tazama, bado anamtetea."

Mbaya zaidi alikuwa Bi Zelpha, mama yake Oleta, ambaye siku ile ya Aprili alikuwa amekaa jikoni kwao akimenya viazi tangu mlango ulipong'olewa hadi uliporudishwa.

"Mama, wewe ulikuwepo!" Oleta alimwambia. "Ulimshikia mwanamume huyu skrubu!"

"Nilikuwepo," Bi Zelpha alikubali. Akamtazama mkwewe kwa jicho la pembeni. "Lakini wimbo unaeleza vizuri zaidi."

Wiki sita kabla ya onyesho Rayford aliitisha kikao mezani jikoni. Alivua kofia, jambo alilofanya tu alipotaka kumwomba mtu jambo baya.

"Denzil, shemeji yangu, nakupenda. Lakini kila mtu akikuona dukani na mkate na maziwa, wimbo unapungua nguvu. Watu hawanunui tiketi kumsikiliza mwanamke ambaye mumewe yupo dukani. Naomba upotee kidogo."

"Nipotelee wapi?"

"Popote! Dunia ni kubwa."

"Rayford," Oleta alisema, "huyu ni mume wangu, si kiti cha kuhamishwa."

"Dada, ni wiki sita tu. Akina Nashville wakishaweka saini, arudi, alale mbele ya televisheni mpaka kiama."

Denzil alimtazama mkewe. Aliyaona mikononi mwake makovu ya moto ya miaka kumi na tisa ya masufuria ya shule, akakumbuka zile daftari tatu. Akasema kwake ni sawa, maana hata kazini msimamizi alikuwa amemwomba achukue likizo zake zote zilizolimbikizwa, kwa sababu wateja walikuwa wakikataa gesi. Jioni ile alibeba godoro na redio, akahamia kwenye kigari cha kulala kilichokuwa nyuma ya kilima, kando ya mizinga sita ya nyuki aliyoachiwa na marehemu kaka yake.

Lakini kula alitaka kula kwake. Kwa hiyo kila siku saa kumi na moja jioni, jua likiwa bado juu, alivaa joho jeupe la kurinia asali, glavu ndefu na kofia yenye wavu wa kufunika uso, akakatiza msituni, akaingia nyumbani kwake kwa mlango wa mbele. Alidhani hakuna atakayemjua. Katika hilo hakukosea. Hakuna aliyemjua.

Siku ya nne mhudumu wa mkahawani alimwambia mteja, mteja akamwambia kinyozi, na kufikia Jumamosi kaunti nzima ilikuwa na habari: Oleta amepata mtu. Mfuga nyuki. Hana maneno mengi. Anakuja saa kumi na moja kamili kila siku, wala hachelewi kama yule wa kwanza.

Walimpenda mno. Wanawake walisifu mabega yake, ingawa joho lile lingempa mabega hata mwiko. Wanaume walisema mtu anayekaa na nyuki ni mtu mwenye subira. Mabakuli ya tambi yaliyokuja sasa yalikuwa makubwa zaidi, ya kutosha watu wawili, na moja lilikuwa na kikaratasi: *Na rafiki yako naye ale.* Bi Zelpha alimfumia soksi.

"Anaonekana kijana wa heshima," alimwambia bintiye.

"Mama! Ni Denzil!"

"Usimtaje huyo mbele yangu nikiwa nafuma."

Siku moja Denzil alikutana na Mchungaji Arvil Sizemore kwenye kijia cha msituni, na hapakuwa na pa kugeukia. Mchungaji, mtu mnene aliyependa kuzungumza na watu akiwa amewashika bega, alimshika bega.

"Ndugu, sikujui wewe ni nani, na sitakuuliza. Talaka bado haijapita, na kwa kawaida ningekukemea. Lakini yule mama ameteseka. Nenda naye polepole."

Denzil akaitikia kwa kichwa, wavu ukatikisika. Kisha, kwa sauti nzito ya kubuni, akauliza, "Huyo mume… alikuwa mbaya sana?"

Mchungaji alitazama vilele vya miti. "Caudill? Nilimbatiza mimi mwenyewe, hapo chini mtoni. Namwomba Mungu anisamehe kusema hivi, lakini nilimtoa majini mapema mno."

Jioni ile Denzil hakula. Alikaa mezani na joho lake, kofia amevua, masikio yamelala.

"Oleta, huyu mfuga nyuki."

"Ana nini?"

"Watu wanampenda."

"Denzil, ni wewe."

"Si mimi. Mimi nimepeleka gesi miaka ishirini na sita, hakuna aliyewahi kunifumia soksi." Alizigusa gusa tambi kwa uma. "Ungekuwa hujaolewa, ungemkubali?"

Oleta aliona kwamba mume wake haulizi kwa utani.

"Anaongea kidogo kuliko wewe," alisema, "na wewe huongei kabisa. Kula, baba. Chakula kinapoa."

Denzil alikula. Lakini aliporudi kilimani alikuwa na wivu, na mtu wa kumwonea wivu alikuwa amevaa nguo zake.

Jumamosi ya onyesho ilipambazuka na joto la kupikia mkate. Walinzi wa lango la maonesho walikuwa na ubao wa makatazo: visu, pombe, mbwa, maboksi ya barafu. Saa nne asubuhi ilifika familia moja kutoka Ohio, baba, mama na nyanya, wamebeba mlango. Walinzi wakausoma ubao juu hadi chini. Milango haikuwemo. Wakawapisha.

Saa sita ilikuwa imeingia milango kumi na miwili. Saa tisa, arobaini na kitu. Ilikuwepo ya mbao za mwaloni, ya wavu wa mbu, mmoja wa bafuni wenye taulo bado imetundikwa, na mmoja wa banda la farasi uliokatwa katikati, kila nusu ikibebwa na mmoja wa dada wawili mapacha. Milango mingine ilikuwa imeandikwa kwa rangi: *OLETA CHUKUA WANGU.* Mashindano ya nguruwe yalisimamishwa kwa muda kwa sababu majaji hawakuweza kuwaona nguruwe.

Denzil alisimama pembeni ya uzio, ndani ya joho lake, jasho likimtiririka hadi kwenye viatu. Rayford alikuwa amemkataza kuja. Lakini mke wa mtu anapopanda jukwaa kuu kwa mara ya kwanza maishani, mume hakai kilimani na nyuki.

Oleta alitoka na gauni la buluu alilovaa kwenye harusi ya mpwa wake. Nyuma yake Rayford alikuwa amesimamisha fremu tupu ya mlango, imepakwa rangi nyeusi. Watu wapata elfu tatu walinguruma. Aliimba wimbo wa treni. Wakapiga makofi ya adabu. Akaimba wa mgodi. Mzee mmoja akalia. Akaimba wa kuku, beti zote kumi na nne, nao wakavumilia kama watu wanaongoja daktari. Hapo akaanza kutafuta kwa macho kwenye uzio, na yule mhudumu wa mkahawani, aliyekuwa karibu, akayafuata macho yake.

"Mfuga Nyuki!" alipiga kelele. "Mfuga Nyuki yuko hapa!"

Denzil aligeuka aondoke. Alikuwa amechelewa. Mikono ilimshika, ikamwinua, ikamlaza chali juu ya mlango wa mwaloni wa familia ya Ohio, na mlango ukaanza safari juu ya vichwa vya watu. Alipita juu ya kinyozi. Alipita juu ya Mchungaji Sizemore, aliyempungia mkono. Alikuwa amelala akitazama mbingu kupitia wavu, glavu zake zimeshika kingo, akisema "Samahani, samahani," kwa kila kichwa alichopita juu yake, mpaka mlango ulipoinamishwa na yeye akateleza, akaanguka jukwaani miguuni pa mkewe.

"Funua! Funua! Funua!" umati uliimba.

Oleta aliinama kana kwamba anamsaidia kuinuka. "Usifunue," alinong'ona. "Watakuua."

Denzil alisimama. Baadaye hakuweza kueleza kwa nini alifanya alichofanya. Lilikuwepo joto. Lakini pia alikuwa amesikia zile kelele, watu elfu tatu wakimpenda, na akajua kwamba hakuna hata mmoja anayempenda yeye. Na mtu hawezi kuishi akimlia mwenzake tambi zake, hasa kama mwenzake ni yeye. Akavua kofia.

Umati ukaacha kuimba mpaka nguruwe wakasikika.

"NI YEYE!" Bi Hester Noble alipaza sauti kutoka safu ya tatu, na akaanza kupanda juu ya kiti. "Nipisheni! Ufagio wangu uko wapi?"

Rayford alikuwa amejifunika uso kwa kofia. Wapiga fidla wawili walirudi nyuma hatua mbili. Denzil akasogelea kipaza sauti, kitu ambacho hakuwahi kukigusa, akakigonga, kikapiga yowe, naye akakiomba radhi.

"Nilikwenda kununua bawaba," alisema.

Bi Hester alikuwa bado juu ya kiti akitafuta ufagio. Kwa hiyo akaeleza. Alieleza mvua, alieleza randa, alieleza kutu. Alisema duka la kwanza hawakuwa nazo. Alieleza upasuaji wa nyongo kwa urefu kuliko ilivyohitajika, maana ulikuwa umemgusa. Alisema kwamba kweli alichelewa, angepiga simu, simu aliiacha juu ya friji. "Ni kosa langu," alimaliza. "Sikudhani kama mtu anaweza kukaa bila mlango kwa saa nne, akaumia. Lakini nimeusikia wimbo. Aliumia. Basi namwomba radhi, na ninyi nawaomba radhi."

Kisha mwanamume mmoja, nyuma kabisa, aliyeshika nusu ya chini ya mlango wa farasi kumsaidia mmoja wa wale mapacha, akauliza kwa sauti kubwa:

"Ulizipata?"

"Nini?"

"Bawaba!"

"Nilizipata," Denzil alisema. "Inchi tatu na nusu. Za shaba."

Sijui neno lile lilikuwa na nini. Mwanamke wa West Virginia aliangua kilio. "Alikuwa akizitafuta!" aliwaambia jirani zake. "Miezi mitano yote, maskini, alikuwa akizitafuta!" Habari ikakimbia safu kwa safu, ikinenepa njiani: alizunguka majimbo sita, alilala vituo vya mafuta, hakutaka kurudi mikono mitupu, aliona haya uso wake mpaka akauficha ndani ya wavu. Mchungaji Sizemore alikuwa ameinua mikono yote miwili mbinguni. Bi Hester aliteremka kwenye kiti taratibu, akakaa, akasema, "Hata hivyo angepiga simu," na katika kaunti nzima ya Estep siku ile yeye peke yake ndiye aliyesema jambo la kweli.

Oleta alijaribu. "Jamani, si miezi mitano! Ni saa nne! Kabla ya chakula cha jioni!" Lakini hawakumsikia, kwa kuwa walikuwa wameanza kubisha. Mtu mmoja alianza, kwa ngumi, juu ya mlango wake; mwenzake akafuata; mara milango arobaini na kitu ilikuwa ikigongwa kwa pamoja, ngo, ngo, ngo, na wasio na milango wakigonga viti. Mpiga gitaa la besi alitazama chini, akaona mguu wake umeshaingia katika mdundo. Oleta akamtazama Denzil, Denzil akainua mabega. Basi akavuta pumzi, akaimba.

Aliuimba wimbo wake vizuri kuliko alivyowahi kuuimba, macho amemkazia mumewe, akicheka katikati ya maneno ya kuachwa, na ngurumo ile ya mbao ikimbeba kama mto. Walipofika kwenye kiitikio, hata Bi Zelpha alisimama, akiwa na soksi mkononi.

Wale wa Nashville walikuwa wawili, vijana wenye suruali za kubana. Baada ya onyesho walimjia Rayford wakauliza swali moja tu: je, ule mdundo wa milango unaweza kupatikana studio?

Oktoba Oleta alikwenda kurekodi, Denzil akiendesha gari na mlango wa mwaloni waliopewa na familia ya Ohio umefungwa juu ya paa, maana studio haikuwa na mlango wenye sauti nzuri. Wimbo wa kuku waliukataa. Wa treni wakauchukua, kwa sharti kwamba ndani ya treni awemo mwanamume anayemkimbia mtu. Oleta alifikiri wiki nzima, akamweka mkaguzi wa tiketi. Shuleni alibaki kwa siku tatu kwa wiki; alisema jukwaani hakuna mtu wa kumwambia ongeza chumvi.

Denzil alirudi kwenye lori lake. Watu sasa walimpokea kwa heshima ya ajabu, ile wanayopewa walevi walioacha. Kinyozi alimalizia upande wa pili. Na likazuka jambo ambalo hakulitarajia: wanaume walianza kumngoja barabarani. Wanaume waliohama makwao kweli, waliomwacha mke na watoto kwa sababu ya hasira, au mwanamke, au bila sababu. Walimsimamisha, wakavua kofia, wakauliza alifanyaje hata akapokelewa.

Mmoja wao, Garnet Fugate, mchimba mawe mwenye mikono kama majembe, alimkuta Novemba akijaza tanki la kanisa. Alikuwa amehama kwake tangu masika. Alisimama pale, baridi ikimtoa moshi mdomoni, akalia bila kujificha.

"Ndugu Caudill, niambie. Wewe ulimwambia nini ulipoingia?"

Denzil angeweza kumweleza kwamba yeye hakuwahi kutoka. Alikuwa ameeleza mara nyingi sana mwaka ule.

"Nilimwambia nimechelewa," alisema.

"Ndiyo hivyo tu?"

"Nikamwambia kwa nini. Kisha nikafanya kile nilichokuwa nimekwenda kukifanya."

Garnet alilifikiria hilo, paji limejikunja. Denzil akabaki ameshika mpira wa gesi, jicho kwenye kipimo, kwa sababu tanki halijazwi kupita asilimia themanini, na likifika hapo lazima mtu awepo wa kufunga.